Safi, Chafi

Hapa Sohar, sokoni, wanamwita safi.
Mama, aliyekulia Mkunazini, anamwita chafi.
Samaki ni yuleyule: mla mwani,
miba yake ikikudunga, mkono huwaka hadi alasiri.
Dilmurad Mbulushi ananipimia sita,
wanne wa maabara, wawili wa nyumbani,
na kama kila Jumapili ananiuliza awapasue.
Hapana, namwambia, uniachie utumbo wao.
Utumbo ndio ninaoununua.

Anacheka. Hajui kwamba katika lugha yangu
mtu akisema upuuzi, tunasema anaongea utumbo.
Mwaka wa nne huu
nausikiliza utumbo ukiongea.

Maabara ina baridi kuliko nyumba yoyote ya Batina.
Nakata kuanzia tunduni, nafungua, nakwangua
ute mwembamba kama wa bamia,
na ndani ya ute ule mji mzima,
vijidudu wasio na macho wala makaburi:
wengine wapishi, wengine mabawabu,
wengine sijui kazi yao, nimewapa namba tu.
Ndio wanaomlainishia safi mwani wake.
Bila wao anashiba, na njaa imo.

Kisha zinakuja metali.
Shaba, iliyochimbwa kwenye milima ya nyuma yetu
tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka,
kadimiamu, zebaki,
na risasi, ambayo humu majini
haikuhitaji bunduki.

Tuliweka matangi matatu ya vifaranga.
La kwanza, maji matupu ya bahari.
La tatu tulilitia kwa wingi; siku ya tisa
nikawa nachota maiti kwa chujio la chai.
Hilo kila mtu alilielewa.
Daktari Muatasim alilipiga picha.

La pili ndilo linaloninyima usingizi.
Tulitia kidogo, chini ya kile karatasi inachoruhusu.
Hakuna aliyekufa.
Waliogelea, walikula, wakala tena,
na siku ya arobaini walikuwa nusu ya ndugu zao,
wengine uti umepinda kama herufi ya wau.
Na katika ute, wapishi wamehama.
Wamebaki wachache wagumu, waliozoea sumu,
wote sura moja,
na hawampikii mtu.

Nilimweleza mama kwa simu. Yuko Maskati,
alikuwa anaroweka mchele wa vitumbua.
Akanyamaza, nikadhani laini imekatika.
Kisha akasema: Bibi yako alikuwa na sufuria ya shaba.
Bati lake lilichakaa ndani, mpiga bati akachelewa,
naye akalaza humo unga usiku mmoja.
Asubuhi haukuumuka.
Hamira ileile, tui lilelile.
Wala hatukuugua, mwanangu. Tulivila hivyo hivyo, bapa.
Lakini bibi yako aliitoa sufuria uani,
akaigeuza kifudifudi, akasema:
Hii imeanza kula kabla yetu.

Ripoti yangu ina kurasa thelathini na moja.
Muatasim ameipenda,
ameniomba niondoe sentensi moja tu, ile ya sufuria.
Nimeiondoa.

Usiku nimewapasua wale wawili wa nyumbani,
juu ya gazeti, bila glavu,
nimeutupa utumbo kama mama alivyonifundisha,
nikarudi pipani, nikauangalia.
Haukuwa na la kusema bila darubini.
Nikawapaka chumvi, na ndimu kavu iliyopondwa.
Mwanangu Shinuna, miaka mitano,
mdogo wa mwili kuliko wenzake wa shule,
akauliza: Leo samaki gani?

Majina yote mawili yalinijia mdomoni.
Nikamwambia: Kaa, nikutolee miba.